Miwani ya taka, turubai ya gome: Wasanii hutoa wapi mawazo yao?

Huenda Jumapili hii umeamka ukakuta mwanao amechora gari ukutani kwa kipande cha makaa. Kabla hujamfokea na kumuuliza tabia hiyo kaitoa wapi, vuta kiti kwanza uketi. Swali hilo ndilo wanaloulizwa wachoraji na wafinyanzi wakubwa kila wanapoonyesha kazi zao: wazo hili umelitoa wapi?

Wengi wetu hudhani kwamba msanii hungoja ndoto imjie. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi nilipoanza kufuatilia yale ambayo wasanii wetu wenyewe wamekuwa wakieleza. Aghalabu wazo lilianzia kwa kitu kilichokuwa mbele ya macho yao, tena chenye kasoro, ambacho wewe na mimi tungekitupa.

Chukua mfano wa Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984 na kulelewa mahali palipotazamana na jaa la taka. Utotoni alitamani miwani kupindukia. Baba yake akakataa katakata. Mzee alikuwa na kisa chake: yeye mwenyewe alipokuwa mdogo aliwahi kuadhibiwa kwa sababu ya miwani ya mama yake, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za miwani. Akamwambia mwanawe kwamba akiitaka, ajitengenezee.

Kijana hakubisha. Akaokota nyaya, vifuniko vya chupa na vyuma vya kila aina, akaviunganisha kuwa miwani ya ajabu ambayo imeonyeshwa katika nchi nyingi. Baadaye akageukia baiskeli aina ya Black Mamba, zile nzito ambazo babu zetu walibebea maziwa na magunia. Fikiria kama mzee angalilegea siku ile akamnunulia miwani ya plastiki sokoni!

Michael Armitage naye alizaliwa Nairobi mwaka huo huo wa 1984, lakini njia yake ilikuwa tofauti. Yeye alisomea uchoraji London, ambako rangi ya mafuta hupakwa juu ya turubai laini. Siku moja, katika soko la watalii hapa Nairobi, akaona vitambaa vya kuwekea sahani mezani vilivyotengenezwa kwa gome la mti. Kumbe ni lubugo, kitambaa ambacho Baganda huwazikia wafu wao! Kitu chenye heshima kubwa hivyo kuuzwa kama kumbukumbu ya safari kulimsumbua akili, na hapo ndipo kazi yake ilipogeuka.

Lubugo hutokana na mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Mafundi huchuna gome, wakaligonga kwa nyundo za mbao kwa saa nyingi hadi likalainika na kutanuka, kisha wakalianika juani. Mti wenyewe hufungwa kwa majani ya mgomba ili upate gome jipya. Mwaka wa 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu.

Sasa jaribu kuchora juu yake. Lubugo ina matundu, ina mikunjo, na ili upate kipande kikubwa ni lazima vipande kadhaa vishonwe pamoja. Armitage haifichi mishono hiyo. Ameeleza kwamba kasoro za kitambaa humlazimisha kubadili picha akiwa katikati ya kazi. Pengine tundu liko pale pale alipotaka kuweka uso wa mtu. Mwaka wa 2017 aliandamana na wanahabari wa televisheni hadi kwenye mkutano wa upinzani bustanini Uhuru Park, na aliyoyaona huko yakazaa picha zilizoonyeshwa Venice, Italia, mwaka wa 2019.

Bi. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, alikwenda Uingereza kusomea sanaa akaishia kwenye udongo. Mwaka wa 1974 alisafiri hadi Abuja, Nigeria, akajifunza kwa akina mama wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali aliyesifika sana. Odundo hatumii gurudumu la mfinyanzi. Huanza na donge, akalitoboa na kulivuta kwa mikono, kisha akaongeza udongo uliosokotwa kama kamba, mzunguko juu ya mzunguko, akiparuza kwa kipande cha kibuyu. Chombo kikikauka hukipaka uji wa udongo laini na kukisugua mpaka king'ae. Moto wa kwanza hukipa rangi nyekundu ya machungwa. Akitaka cheusi, hukichoma tena hewa ikiwa imezibwa, moshi ukakiingia.

Yeye husema kwamba chombo kwake ni mwili wa binadamu. Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa sana: mtungi una mdomo, una shingo, una tumbo. Mwaka wa 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Nimemweka mwisho Sane Wadu, kwa kuwa kisa chake kinawahusu zaidi wazazi. Alizaliwa Nyathuna, Kiambu, mwaka wa 1954, akawa mwalimu. Katika miaka ya 1980 aliacha mshahara ili achore. Hakuwa na turubai, basi akachora hata juu ya nguo zake mwenyewe na kutembea nazo kijijini. Watu wakasema mwalimu ameingiwa na wazimu. Naye akajibu kwa kujiita Sane, yaani mwenye akili timamu, na jina hilo ndilo analotia kwenye picha zake.

Mwaka wa 2022 kituo cha sanaa ambacho Armitage alikianzisha jijini Nairobi kiliandaa maonyesho makubwa ya kazi za Wadu za miaka mingi. Kabla ya hapo, yeye na mkewe Eunice, ambaye pia ni mchoraji, walikuwa wamehamia Naivasha na kuanza kuwafundisha watoto wa huko kuchora.

Ama kuhusu ukuta wako, jaribu kitambaa chenye maji na sabuni. Lakini kabla hujafuta, mwulize mtoto hilo gari linaelekea wapi.