'Mjini' ya bibi siyo 'mjini' ya mjukuu

Muulize bibi aliyezeekea Dar es Salaam "mjini" ni wapi, atakwambia Posta na Kariakoo. Mjukuu wake anayekulia Mbezi au Kibamba huenda akataja Mlimani City, na Posta ataijua kwa safari moja ya shule kwenda Makumbusho ya Taifa. Wote wawili wako sahihi. Jiji limehama, na wazazi ndio wanaolipa nauli ya kulifuata.

Zamani hapakuwa na ubishi. Wakoloni waliwapanga Wazungu ufukweni, Wahindi pale kwenye maduka na Waafrika Kariakoo, wakaacha viwanja vya Mnazi Mmoja viwe mpaka. Ubaguzi ule uliondoka, barabara zikabaki. Za Morogoro, Pugu, Bagamoyo na Kilwa zote zilimwaga watu palepale. Ofisi ilikuwa Posta. Sare, madaftari na nguo za sikukuu vilikuwa Kariakoo, ambako miaka ya 1970 lilijengwa soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli.

Anayetaka kuona kitovu kilivyosogea afuate stendi. Mabasi ya mikoani yalipakia Kisutu na Mnazi Mmoja, mtu akishuka yuko mjini tayari. Yakapelekwa Ubungo, kama kilomita 10 kutoka Posta. Februari 2021 ikafunguliwa stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, karibu mara mbili ya umbali ule. Kila stendi ilipohamia, mama lishe, bodaboda, wauza maji na nyumba za kulala wageni walifuata, kisha vyumba vya kupanga vikapanda bei. Mzazi wa Mbagala au Kigamboni mwenye mtoto wa bweni mkoani analijua hili kuliko wapanga mipango: tranka, godoro na mtoto anayesinzia, wote wavuke jiji zima kabla ya basi la alfajiri.

Mengine yalikwenda upande huohuo. Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, ikaonyesha kwamba familia inaweza kununua, kula na kwenda benki bila kuiona bahari. Mwaka 2017 ilizinduliwa hospitali ya Mloganzila, na wagonjwa wengi wa magharibi ya jiji wakapata mbadala wa safari ya kwenda Muhimbili, Upanga. Wizara nazo zilifungasha kwenda Dodoma kuanzia mwaka 2016, uamuzi uliopitishwa tangu 1973.

Lakini Kariakoo haijafa hata kidogo. Soko kuu liliungua Julai 2021, na bado mitaa ya jirani ilijaa wateja kutoka mikoani na nchi jirani. Kilichokufa ni Kariakoo ya kuishi. Nyumba za Kiswahili zenye ua na vyumba sita zimepisha maghorofa ya maduka na stoo, na watoto waliocheza kwenye ua ule leo wanalea wajukuu Chanika, Goba au Bunju.

Hapo ndipo familia inapoumia kimyakimya. Mwendokasi ulianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni kwa kuwa kazi nyingi bado ziko mjini ya zamani. Baba anaondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Shule inachaguliwa kwa kufuata ruti ya basi la shule, na mtoto wa chekechea anaamshwa saa kumi na nusu. Hilo halikuandikwa kwenye mchoro wowote wa mradi.

Kisa cha Magomeni Kota kinaonyesha gharama nyingine. Nyumba zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na maghorofa ya familia 644 yakazinduliwa Machi 2022. Waliorudi walirudi mahali pazuri, karibu na kila kitu. Ila mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati wa kubomoa alikuwa anakaribia kumaliza sekondari. Utoto wake wote ulipita kwenye nyumba za kupanga.

Kwa mzazi anayetafuta kiwanja leo, bei ni swali la pili. La kwanza ni barabara: ile ya mbele itapanuliwa? Wengi kuanzia Kimara kuelekea Kibaha walibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Mchoro wa mipango miji huulizwa halmashauri, na dalali hawezi kuwa mbadala wake. Kisha ipimwe safari ya shule na zahanati, ipimwe Jumatatu asubuhi mvua ikinyesha, maana Jumapili mchana, dalali anapopenda kuonyesha viwanja, kila mahali Dar es Salaam ni karibu.