Wali wa mkutanoni Mpanda na viboko wa Katavi: maji ni yale yale

Mpanda

MSHIRIKI wa kikao kazi mjini Mpanda kwa kawaida huona mambo matatu: ukumbi, chumba cha kulala na barabara iliyomleta. Posho ikishasainiwa, safari ya kurudi huanza.

Wengi huondoka bila kufahamu kuwa wali waliokula mchana na viboko walio takribani kilometa 40 kutoka ukumbini hutegemea mto mmoja, na kwamba maji ya mto huo hayawatoshi wote.

Mto huo ni Katuma. Huanzia kwenye miinuko ya Wilaya ya Tanganyika, hupita katika bonde la mashamba ya mpunga, kisha huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Humo hulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji yanayobaki huteremka kwa Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa.

Kwa mgeni, kituo cha kwanza huwa ni meza ya mama lishe. Mpunga wa maeneo kama Mwamkulu na Kakese ndio fahari ya Mpanda. Wali huliwa kwa maharage, kuku wa kienyeji, au migebuka na dagaa wanaoletwa kutoka Ziwa Tanganyika, upande wa Karema. Anayetaka zawadi ya nyumbani hununua asali ya misitu ya miombo, hasa ile ya Inyonga, wilayani Mlele.

Kituo cha pili ni Sitalike, kijiji kilicho katika barabara ya kwenda Sumbawanga, ambako ndiko makao makuu ya hifadhi yalipo. Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 na kufikia kilometa za mraba 4,471. Nyati na tembo ni wengi, lakini jina la Katavi limejengwa na viboko.

Kati ya Julai na Oktoba, mto unapopungua, mamia ya viboko husongamana katika madimbwi machache. Ngozi ya kiboko haivumilii jua kwa muda mrefu. Hukauka na kupasuka, hivyo mnyama huyo hushinda majini au kwenye tope na kutoka usiku kwenda kula nyasi. Dimbwi likiwa dogo, madume hupigana na ndama hukanyagwa. Mamba nao hujificha katika mapango ya kingo za mto kusubiri mvua.

Msongamano huo humfurahisha mpiga picha. Sehemu yake ni hali ya kawaida ya kiangazi. Sehemu nyingine, hata hivyo, husababishwa na binadamu. Mabanio yanayochepusha maji kwenda mashambani, ukataji miti kwenye vyanzo, pamoja na kilimo na mifugo kandokando ya mto, huufanya Katuma ukauke mapema na kwa muda mrefu zaidi.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji awe na kibali, na inataka maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto yatengwe kwanza.

Ugumu uko katika utekelezaji. Mkulima wa mpunga hupata ada ya shule na chakula cha familia kutokana na maji hayo, ilhali faida ya kiboko aliye hai haifiki mfukoni mwake kwa urahisi.

Hapo ndipo mgeni wa mkutano anapokuwa na nafasi yake. Anayeongeza siku moja hulipia gari, kiingilio, chakula na malazi, na sehemu ya fedha hizo hubaki Mpanda na Sitalike.

Maandalizi si makubwa. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni kutoka nje ya nchi, ila aonyeshe kitambulisho. Gari la kukodi lipatikane mapema, ikiwezekana kwa washiriki kuchangiana, na safari ianze alfajiri. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi ziachwe hotelini kwa kuwa huvutia mbung'o, ambao ni wengi. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huharibu njia nyingi za ndani ya hifadhi.

Kwa waandaaji wa vikao, hatua nyepesi ni kupanga ratiba imalizike Ijumaa mchana, ili Jumamosi ibaki kwa ajili ya Sitalike.