Mdoli Wenye Jina na Bei Yake

Karibu kila kinachohitajika kutengeneza mdoli wa mkono kipo Kihonda, hapa Morogoro, na sehemu kubwa yake hufagiwa jioni. Vibanda vya cherehani huacha vipande vya vitenge visivyotosha hata mfuko wa shati. Maseremala huacha unga wa mbao na vipande vya mtiki vilivyo vifupi mno kwa kiti. Saluni zina nywele za rasta za kila rangi, maduka ya vifaa vya ujenzi yana waya, na sufi ya kujazia mito bado inauzwa. Mikono ya kushona nayo ipo, kwani Morogoro ni mji wa nguo tangu enzi za kiwanda cha Polytex, iliyorithiwa na 21st Century Textiles, hadi Mazava inayoshona nguo za michezo za kuuzwa nje. Kinachopotea ni thamani ya saa za fundi. Anayeshona mdoli mzuri hapa huuza kwa bei ya kitambaa, kama vile siku zake alizokaa nao zilikuwa bure.

Mdoli ninaouzungumzia ni wa sanaa: unakunjwa viwiko, magoti na vidole ukakaa pozi unalotaka, na unawakilisha mhusika aliyebuniwa na fundi mwenyewe, mwenye jina, umri na tabia zake. Wanunuzi wake wakuu duniani ni watu wazima. Kampuni ya Volks ya Japani ilipoanza kuuza midoli ya viungo mwaka 1999, iliwauzia watu wanaokusanya, si watoto wanaochezea. Barani kwetu, Mnigeria Taofick Okoya alionyesha kuanzia mwaka 2007, kwa midoli yake ya Queens of Africa, kwamba sura ya Mwafrika ina soko. Lakini yake ni njia ya kiwanda, ya maelfu ya midoli inayofanana. Fundi wa Kihonda hana mtaji huo, na akijaribu kushindana kwa bei na midoli ya plastiki ya stendi ya Msamvu, ataumia.

Nchi hii imewahi kuupa mdoli uzito mkubwa kuliko mchezo. Waluguru, Wakwere, Wazaramo, Wakutu na Wakami, watu wanaofuata ukoo wa mama, walikuwa na mwana hiti: kiwiliwili cha mti kilichonyooka, kisicho na mikono wala miguu, chenye matiti madogo, kitovu, na kichwa chenye kishungi kimoja au viwili. Vingine vilikuwa vya kibuyu au gunzi la hindi. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mdoli huo, akauogesha, akaupaka mafuta na kuuvika shanga, akijifunza kulea. Mwanaanthropolojia wa Kifini Marja-Liisa Swantz aliandika juu ya mila hizo za Wazaramo katika kitabu chake cha mwaka 1970, na mwaka 1990 Marc Felix alitoa kitabu kizima kuhusu sanaa ya makabila haya, kikachapishwa Munich kwa jina la Mwana Hiti. Leo sanamu hizo zimo kwenye makumbusho na minada ya Ulaya na Marekani. Fedha ya minada hiyo huzunguka kwa wakusanyaji wenyewe. Haipandi Kinole wala Matombo.

Simshauri mtu anakili mwana hiti akauze stendi. Ni kitu cha unyago, na wenye nacho wapo. Ninachokiona pale ni jinsi thamani inavyojengwa: mti uleule ulipopewa mlezi na nafasi katika nyumba, ulitunzwa na kurithishwa. Mhusika wa kubuni anahitaji heshima ya namna hiyo, kwa njia yake.

Kazi yenyewe huanza kwenye karatasi. Tuseme fundi amembuni binti wa Mgeta anayeshusha mboga sokoni, bega la kushoto limeinama kwa mazoea ya mzigo. Anamchora mbele na ubavuni kwa kimo kilekile atakachokuwa nacho, sentimita 40, kwa sababu waya hupimwa na kukatwa juu ya mchoro.

Waya ndio unaoamua umri wa mdoli. Ule wa kufungia nondo ni laini na rahisi, lakini ni chuma: ukikunjwa mahali pamoja mara nyingi hukatika, na ukipata unyevu huota kutu inayopenya hadi kwenye kitambaa. Alumini inafaa zaidi. Hapa fundi awe makini, maana alumini ya vyuma chakavu inaweza kuwa imetoka kwenye nguzo za umeme kwa njia ya wizi; anunue dukani na atunze risiti. Nyaya mbili husokotwa pamoja kwa mgongo na miguu, na kila kidole hupata waya wake mwembamba. Sehemu za mifupa, kama paja na mkono wa juu, huvikwa mrija wa kalamu uliokwisha wino ili mkunjo uje kwenye goti na kiwiko tu. Ncha zote hukunjwa ndani. Mdoli unaomchoma mnunuzi hauna mteja wa pili.

Nyama ya mdoli huzungushwa kwa vipande vya fulana vilivyokazwa, kwa sababu sufi peke yake huteleza na kuacha mashimo kwenye viungo. Sufi ikae tumboni. Kichwa ndicho kinachotenganisha fundi na fundi. Wenzetu wa ng'ambo hutumia udongo wa plastiki unaookwa kwa nyuzi joto 130 hivi, nao kuupata hapa ni kuagiza. Karatasi iliyolowekwa na kupondwa, ikachanganywa na gundi ya mbao na unga laini wa msasa, hutoa uso mzuri ikikaushwa kivulini tabaka kwa tabaka. Juani hupasuka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hukawia kukauka na kuota ukungu, kwa hiyo anayepokea oda aipange kazi ya vichwa mapema. Kisha msasa, rangi, macho ya shanga, na nywele zinazopandwa uzi kwa uzi, kazi inayokula saa kuliko zote.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Kazi hiyo ichukue saa 40, na fundi ajilipe shilingi 2,500 kwa saa: tayari ni 100,000. Malighafi, umeme, brashi na vichwa vilivyopasuka tuviwekee 25,000, na faida ya biashara 25,000. Mdoli unauzwa 150,000. Midoli 26 kwa mwaka inaleta milioni 3.9, chini kidogo ya mauzo ya milioni 4 ambapo kodi ya makadirio ya mfanyabiashara mdogo huanza. Akiweza mmoja kila wiki, anafikia milioni 7.8. Najua kuna watakaocheka bei hiyo. Watu haohao hulipia sofa bila kuuliza seremala alilala saa ngapi, na sofa mbili zinaweza kufanana.

Hofu yangu ni juu ya soko la mbali. Mji huu ulijengewa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze Ulaya. Hakikuwahi kukaribia uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Kilijengwa kabla mnunuzi hajajulikana. Fundi wa midoli anayo nafasi ya kuanza kinyume chake, kwa oda moja ya mtu anayemjua. Akija kuuza Ulaya, ajue kwamba maelekezo ya mwaka 2009 ya Umoja wa Ulaya kuhusu vitu vya kuchezea yanaiweka kando midoli ya wakusanyaji, mradi lebo ioneshe wazi kuwa ni ya wakusanyaji wa miaka 14 na zaidi. Lebo hiyo ndogo inamwepusha na vipimo vya maabara asivyoweza kuvilipia.

Mhusika naye alindwe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda mchoro na hadithi tangu vinapoandikwa, lakini kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, humpa fundi ushahidi wenye tarehe siku mtu atakapomchapisha binti wa Mgeta kwenye fulana. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, imefundisha wengi sabuni, ngozi na usindikaji. Ningependa kuona Nane Nane ijayo banda lake la Morogoro likiwafundisha mafundi wa sanaa kuandika saa zao na kuzitoza.

Na reli imesogeza mnunuzi. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya SGR inashusha abiria wa Dar es Salaam hapahapa Kihonda, chini ya saa mbili, kwa nauli iliyoanza na shilingi 13,000. Mteja anaweza kuja asubuhi, akaukuta mdoli wake bado ni waya, akachagua kitambaa na rangi ya nywele, akalipa nusu kwa simu na kurudi jioni. Nusu hiyo ilipwe kabla kichwa hakijaanza kufinyangwa, maana mhusika aliyeagizwa na mtu mmoja ni vigumu kumuuzia mwingine.