Mkono Mtupu: Ukosefu wa Ajira na Afya ya Akili ya Mwanamume Katika Jamii ya Jadi

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali hii imebeba hukumu nzito: thamani ya mkono ni kile kilichomo ndani yake. Katika jamii nyingi za Kenya, hukumu hiyo humwangukia mwanamume kwa namna ya pekee. Yeye ndiye anayetarajiwa kulipa mahari, kujenga nyumba, kusomesha watoto na kutoa mchango matangani. Akikosa ajira, hapungukiwi na fedha tu, bali pia hukosa jibu la swali "wewe ni nani?"

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ukosefu wa ajira unavyoathiri afya ya akili ya mwanamume katika jamii inayoshikilia mila. Hoja yetu kuu ni kwamba madhara hayo hayatokani na umaskini peke yake. Yanatokana pia na kipimo cha uanaume kilichofinywa hadi kikawa mshahara, na mazoea ya lugha yanayomnyima mgonjwa maneno ya kueleza maumivu yake. Wanawake nao hukosa ajira na huumia. Tunamwangazia mwanamume kwa kuwa uchungu wake aghalabu hufichwa, na kilichofichwa hakitibiwi.

Kufinywa kwa kipimo cha uanaume

Ni kawaida kusikia ikidaiwa kwamba mila ndiyo inayomtaka mwanamume alete fedha nyumbani. Dai hili lafaa kuchunguzwa. Katika jamii zetu za awali, mwanamume alikuwa na majukumu mengi: alichunga, alijenga, alilinda, aliamua kesi, aliwafunza vijana, alihutubu matangani. Miongoni mwa Wabukusu, kwa mfano, kijana anayetahiriwa huingia katika rika lenye jina, kama vile Maina, Chuma au Sawa, na jina hilo hulibeba hadi kaburini. Hakuna mwajiri awezaye kumfuta mtu katika rika lake.

Mshahara uliingia baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba na kisha kodi ya kichwa, na ikadai zilipwe kwa fedha. Aliyehitaji fedha hizo alilazimika kwenda kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli au mjini. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikamtaka kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 kubeba kipande, cheti kilichoonyesha mwajiri wake ni nani na analipwa kiasi gani. Hivyo basi, mwanamume akaanza kutambulishwa kwa ajira yake. Kinaya ni kwamba kipimo hicho cha mkoloni leo kinatetewa kwa jina la mila.

Kipimo chenyewe kilidumu ilhali ajira haikudumu. Kuanzia mwaka wa 1993, mpango wa kurekebisha utumishi wa umma uliwaondoa kazini maelfu ya watumishi wa serikali. Mwaka wa 2009, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichoutegemeza mji wa Webuye kilifungwa. Mfanyakazi wa Webuye aliyekuwa Mbukusu hakupoteza rika lake siku hiyo, wala ukoo wake, wala haki ya kusimama mbele ya wazee. Alipoteza mshahara. Swali ni kwa nini hasara hiyo moja huweza kumfanya mtu ajione amepoteza yote.

Ajira humpa mtu nini?

Jibu mojawapo lilipatikana mbali na kwetu. Mapema miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza kijiji cha Marienthal nchini Austria baada ya kiwanda chake cha nguo kufungwa. Walitarajiwa wanaume wasio na kazi watumie muda wao mwingi kusoma na kushiriki katika vyama vyao. Kinyume chake, watu waliazima vitabu vichache zaidi kuliko awali. Wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara njiani, na walipoulizwa walivyoitumia siku, walikumbuka machache. Wanawake walitembea kwa haraka zaidi. Wengi wao pia walikuwa wamepoteza kazi kiwandani, lakini kazi za nyumbani hazikuwa zimewaacha.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba, mbali na ujira, ajira humpa mtu mambo matano: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya jamaa zake, lengo analoshiriki na wenzake, hadhi, na shughuli ya kila mara. Yakiondoka kwa pamoja, akili hukosa egemeo. Aidha, uhusiano huu huenda pande zote mbili: asiye na ajira huweza kuugua, na anayeugua hupata shida zaidi kutafuta ajira au kuidumisha.

Maradhi yanayojificha

Dalili za sonona zinajulikana: huzuni isiyoondoka, kukosa usingizi, uchovu, kupoteza hamu ya mambo yaliyopendwa, kujiona hufai. Kwa wanaume wengi, hata hivyo, huzuni huvaa nguo za kuazima. Huonekana kama hasira za mara kwa mara, ulevi, kuikwepa jamaa, au maumivu ya kichwa na mgongo yasiyopata tiba. Jirani humwita mkali au mlevi. Ni nadra kumwita mgonjwa. Mkewe na watoto huishi na ukali huo bila kujua chanzo chake, nao huumia pia.

Tangu utotoni mvulana huambiwa ajikaze kiume. Anapokuwa mtu mzima, huwa amekwisha kujifunza kwamba kilio chake ni aibu. Tusishangae basi kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kiwango cha wanaume wanaojiua duniani ni zaidi ya maradufu ya kile cha wanawake. Nchini Kenya, kwa miaka mingi aliyejaribu kujiua na kunusurika aliweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sheria imeanza kumwona mtu huyu kuwa mgonjwa, ila jamii bado inajikokota.

Wajibu wa lugha

Ni hapa ambapo sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tunahusika moja kwa moja. Tazama nahau tunayoitumia kila siku: aliyepoteza ajira husemwa kwamba "amemwaga unga." Kitenzi ni cha kutenda, na mtendaji ni yeye. Hata kiwanda kikifungwa na watu waliokuwa mbali, sarufi ya nahau humshtaki kana kwamba aliuangusha mfuko kwa uzembe wake.

Tazama pia maneno "kazi" na "ajira." Ajira ni kazi ya ujira, kazi ni pana zaidi. Lakini mhitimu anayeamka alfajiri kukama ng'ombe, kulima na kuwafundisha wadogo zake bado husema, "Sina kazi." Neno limefinywa kama kipimo cha uanaume kilivyofinywa. Vivyo hivyo, "msongo wa mawazo" hutumiwa kwa wasiwasi wa mtihani na kwa maradhi yanayoweza kuua, hata anayehitaji tabibu akaambiwa apumzike tu. Neno "sonona" lipo na lastahili kuenezwa.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba ukosefu wa ajira humuumiza mwanamume mara mbili: mfukoni na katika jina lake. Dawa ya jeraha la kwanza ni sera za uchumi. La pili liko mikononi mwetu pia. Mila inayomthamini mtu kwa rika, hekima na utu wake ingalipo. Yafaa tuirejelee badala ya kuisingizia. Wengi wetu tutavua majoho ya mahafali na kuanza kusaga lami. Tukumbushane mapema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kumwendea mshauri nasaha au daktari si udhaifu. Tunapokutana na mwenzetu asiye na ajira, tusianze kwa kumuuliza anafanya kazi wapi. Tumuulize hali yake, kisha tusubiri jibu. Mtu ni watu, hata mkono wake uwapo mtupu.