Vya Barabarani Palermo: Ulizeni Kwanza Mafuta

Familia moja inayojiandaa kwa safari ya Palermo, katika kisiwa cha Sicily nchini Italia, imetuuliza: migahawa ni ghali na watoto ni wanne, je, tule vya barabarani?

Ndugu zetu, mji huo si mgeni katika historia yetu. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini waliuteka mwaka 831, na ulibaki mikononi mwa Waislamu hadi Wanormani walipouchukua mwaka 1072. Mwanajiografia Ibn Hawqal aliyeuzuru mwaka 973 alistaajabia wingi wa misikiti yake, kisha akawalaumu wenyeji kwa kula vitunguu kupita kiasi, akidai vimewaharibu akili. Wasafiri hawakosi la kulalamikia.

Katika masoko ya Ballarò na Capo, chakula cha kutuliza njaa ni panelle. Unga wa dengu, ule ule tunaopikia bajia, husongwa kwa maji na chumvi kama ugali, hutandazwa mwembamba, hukatwa vipande na kukaangwa. Hutiwa ndani ya mkate wenye ufuta, na ukipenda hukamuliwa limau. Kwa euro chache mtu hushiba. Wengi huunasibisha upishi huu na zama za Waarabu.

Lakini tahadharini. Mkate wa bandama na mapafu ya ndama, ambao wenyeji wanaujivunia mno, hupashwa katika mafuta ya nguruwe, nayo huitwa strutto. Arancina, donge la wali wa zafarani lililokaangwa, mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe ndani, na ile iitwayo ya siagi hutiwa prosciutto, yaani paja la nguruwe lililopikwa. Stigghiola ni utumbo wa kondoo au mbuzi uliochomwa juu ya makaa. Hauna nguruwe, lakini uchinjaji wake ni suala ambalo wanazuoni wamelijadili kwa urefu. Sisi tuliuacha. Matunda na barafu ya limau havina shaka.

Siku yetu ya kwanza Ballarò tulinunua panelle za familia nzima, tukala kwa furaha tukiwa tumesimama. Binti yetu wa mwisho alikuwa amebakiza tonge mbili pale muuzaji alipotumbukiza arancina za prosciutto katika karai lile lile. Tuliona haya, kwani sisi tunaowafundisha watu hatukuwa tumeuliza lolote. Mtoto akataka kujua kama tumepata dhambi. Tukamjibu kwamba aliyekula pasi na kujua hana lawama, ila sasa tumekwisha kujua. Mkate uliobaki tukauacha, naye akalia, kwa kuwa njaa ilikuwa haijaisha.

Usiku ule alijifunza neno moja la Kitaliano: maiale, nguruwe. Kesho yake alitutangulia mbele ya karai jingine, akalinyooshea kidole na kuuliza, “Maiale?” Mzee muuzaji akacheka, akatikisa kichwa, akatuonyesha kopo la mafuta ya mbegu, kisha karai la pili lililotengwa kando kwa ajili ya arancina. Tukanunua mikate sita, na binti yetu akaongezewa panelle moja ya bure.