Mjomba Aliyepotea Njiani: Jinsi Tamthilia za Asia Zinavyogeuzwa Kuwa Kiswahili

Tamthilia ya Kikorea inayotazamwa Dongobesh, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Mbulu kwenda Haydom mkoani Manyara, kwa kawaida imekwisha kubadilishwa lugha mara mbili kabla ya kufika kwenye kioo. Iliandikwa na kuigizwa kwa Kikorea. Ikawekewa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kisha mtu aliyeketi na maikrofoni, mara nyingi Dar es Salaam, akayasoma maandishi hayo na kuisimulia upya kwa Kiswahili. Mara ya tatu hutokea palepale kwenye benchi: kijana aliyepita shule humnong'oneza bibi yake kwa Kiiraqw yale yaliyosemwa, kwa kuwa bibi anakisikia Kiswahili lakini hakifuati kinapokimbia.

Kazi hizo zote huitwa kutafsiri, ingawa hazifanani. Kuna kuandika manukuu, yaani maneno machache chini ya picha, ambayo humtaka mtazamaji asome haraka. Kuna kutia sauti, ambako waigizaji wapya huzungumza mahali pa wale wa mwanzo. Kuna kusimulia juu ya picha, kazi ya wale wanaoitwa madijei. Na kuna kuiandika hadithi upya kabisa ili ionekane imezaliwa nchi nyingine. Katuni ya Kijapani Hana Yori Dango ya Yoko Kamio, inayohusu msichana maskini katika shule ya matajiri, ilifanywa tamthilia Taiwan mwaka 2001, Japani yenyewe 2005, Korea Kusini 2009 na China 2018. Watazamaji wa Afrika Mashariki walioipenda ile ya Kikorea, Boys Over Flowers, walikuwa wanapenda kitu kilichokwisha kuvuka bahari zaidi ya mara moja.

Kuandika upya kwa namna hiyo si jambo geni kwa Waswahili. Mmisionari Edward Steere alipochapisha mwaka 1870 mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja, mojawapo ilikuwa Kisa cha Punda wa Dobi. Ndani yake kima anafanya urafiki na papa, papa anambeba mgongoni kumpeleka kwao baharini, na katikati ya safari kima anapata habari kwamba moyo wake unatakiwa uwe dawa ya sultani. Anajiokoa kwa kusema kwamba moyo ameuacha mtini. Mzizi wa hadithi hii uko India, katika Panchatantra. Kutoka huko iliingia Kiajemi cha Kati, kisha katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu ndani ya kitabu cha Kalila wa Dimna. India mnyama wa majini alikuwa mamba, na aliyeutamani moyo wa nyani alikuwa mke wa mamba. Pwani ya Afrika Mashariki mamba akawa papa, mke akawa sultani mgonjwa. Katika kisa cha pili ndani ya hadithi hiyohiyo, kile cha punda aliyeipa jina, mbweha mjanja wa Kihindi akawa sungura. Hakuna aliyelalamika kwamba tafsiri si sahihi, na mtu akiisoma leo hahisi hata kidogo kwamba ni ya kigeni.

Filamu ilileta ugumu mpya, kwa sababu picha haibadiliki. Papa anaweza kuchukua nafasi ya mamba kwa neno moja la msimulizi, lakini kasri la Kikorea litabaki kasri la Kikorea. Kwa miongo mingi sinema za Kihindi zilionyeshwa Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam bila Kiswahili chochote, na watu wakazielewa kwa nyimbo, kwa machozi, na kwa msaada wa jirani aliyekwisha kuiona jana. Filamu za kung fu zilizoingia miaka ya 1970 zilihitaji maneno machache zaidi. Anayepigwa anaonekana.

Video ndiyo iliyozaa wasimulizi wa kulipwa. Nchini Tanzania jina linalotajwa kwanza ni Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake iliwafundisha wengi namna filamu ya Kichina inavyopaswa kusikika kwa Kiswahili. Baada yake alikuja King Rich na wengine wengi waliochukua cheo cha DJ. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda. Kazi yao ni ileile: mtu mmoja hufanya sauti zote, za wanaume, wanawake, watoto na wazee. Hupunguza sauti ya filamu anapozungumza na kuirudisha ngumi zinapoanza. Shujaa ni steringi hata kama jina lake limetajwa mara hamsini. Mazungumzo yakikimbia kupita maandishi, msimulizi huruka. Mapigano yakirefuka, huyajaza kwa mzaha, kwa kumwonya steringi kuhusu adui aliye nyuma ya mlango, au kwa kuulinganisha mji wa Hong Kong na Kariakoo.

Wapo wasomi wanaowabeza. Wanasema wanaongeza yasiyokuwemo na kuacha yaliyokuwemo, na hilo ni kweli. Lakini msimulizi hushughulikia jambo ambalo manukuu hayawezi hata kuligusa. Anajua kwamba kwenye banda la video wamo watu wasiosoma haraka, watu walioingia filamu ikiwa nusu, na watu ambao kwao majina matatu ya Kikorea yanayoanza na Kim ni jina moja. Anaposema kwamba huyu ndiye yule aliyemuua baba wa steringi, anafanya kazi ya mhariri. Tamthilia kama Jumong ya mwaka 2006 na 2007, yenye sehemu 81 na wana wa mfalme wanaowania kiti, haifuatiki kirahisi bila mtu wa kukumbusha nani ni mtoto wa nani.

Tatizo lao kubwa ni sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza tafsiri yake, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Sehemu kubwa ya movi zilizosimuliwa, zikauzwa kwanza kwenye kanda, halafu kwenye CD, na sasa zikirushwa kwenye flashi na memori kadi, hazikupita kote huko. Waigizaji wa Tanzania nao walikuwa na lao. Aprili 2017 baadhi yao waliandamana Kariakoo wakilalamika kwamba filamu za nje zinauzwa kwa bei ya chini bila kulipiwa kodi, na kuziua za nyumbani. Malalamiko yao yalikuwa na uzito, ingawa mtazamaji wa kijijini hakuwa na njia nyingine ya kuiona Asia kwa lugha anayoielewa.

Njia rasmi ilifunguka mwaka 2011. Tamthilia ya Kichina iliyoonyeshwa kwao mwaka uliotangulia, yenye sehemu 36, ilitiwa sauti za Kiswahili na Radio China Kimataifa, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1961. Ikaonyeshwa na shirika la utangazaji la taifa, TBC, kwa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake. Jina la Kichina linazungumzia zama njema za mke aliyeolewa, na kulitafsiri neno kwa neno kungeleta kichwa cha hotuba ya harusi. Waliolibadilisha walikwenda moja kwa moja kwenye kisa chenyewe. Doudou ameolewa na Yu Wei, mtoto wa wazazi walioachana na baba akaoa tena. Kwa hiyo bibi harusi ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Hakuna nyumba ya Kitanzania inayohitaji maelezo juu ya mzigo huo. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja tamthilia hiyo kwa jina.

Baada ya hapo kazi ikawa ya viwanda. Kampuni ya Kichina ya StarTimes, iliyoingia Tanzania kwa ubia na TBC, iliendesha mashindano ya kutia sauti Dar es Salaam mwaka 2016, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo kama ajira. Azam TV nayo imeonyesha tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili. Studioni hakuna nafasi ya mzaha wa dijei. Kila sentensi hupimwa kwa sekunde na kwa midomo: mwigizaji akiifunga kutamka m, p au b, ni vizuri Kiswahili nacho kiwe na herufi ya kufunga mdomo hapohapo. Kichina husema jambo kwa silabi chache, na Kiswahili hurefuka. Wǒ ài nǐ ni silabi tatu. Nakupenda ni nne, na ninakupenda ni tano. Mara nyingine bahati husaidia: bù zhīdào ni silabi tatu, na sijui pia ni tatu.

Ugumu wa midomo, hata hivyo, hutatulika kwa fundi mvumilivu. Hasara kubwa zaidi hutokea mapema, pale hadithi inapopitishwa kwenye Kiingereza, na inashangaza jinsi inavyozungumzwa kidogo. Mfano mzuri ni wa ndugu. Kichina hutofautisha bóbo, kaka wa baba. Shūshu, mdogo wa kiume wa baba. Na jiùjiu, kaka au mdogo wa kiume wa mama. Kiswahili kinao wote watatu: baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Kiingereza kina neno moja tu kwa wote. Mfasiri anayetafsiri kutoka Kiingereza hukutana na mtu asiye na upande, akabahatisha. Na baba mdogo anayegombea urithi akigeuzwa mjomba, ugomvi wa urithi unapoteza maana, kwa kuwa mtazamaji wa Dongobesh atajiuliza mjomba anadai nini katika shamba la upande wa baba. Lugha mbili zilizokuwa na neno halisi zimekosana kwa sababu ya mshenga.

Heshima hupotea hivyohivyo. Kikorea huonyesha katika mwisho wa kitenzi kama anayesemeshwa ni mkubwa, mgeni au rafiki, na vijana wanaoanza kupendana huonyesha ukaribu kwa kuacha lugha ya adabu. Kiingereza cha manukuu hufuta hayo na kuweka jina tupu, kijana akamwita mkubwa wake kwa jina kama anaita mbuzi. Msimulizi mzuri huyarudisha kwa kukisia kutoka kwenye picha: akiona mtu anainama, hutia shikamoo, akiona mzee, husema mzee. Neno oppa humsumbua zaidi. Mwanamke wa Kikorea humwita hivyo kaka yake mkubwa, na pia mpenzi wake. Kiswahili kikisema kaka, mapenzi yanaingia shaka. Kikisema mpenzi, ile hatua ya polepole kutoka udugu hadi mapenzi imerukwa. Madijei wengi huchagua bebi na kuendelea na safari.

Vyakula havina shida kubwa. Ramyeon ni tambi, uji wa mchele wa mgonjwa ni uji tu, na soju inaweza kuwa Konyagi bila mtu kudhurika.

Mahali ambapo Kiswahili kinashinda Kiingereza waziwazi ni kwenye jinsia. Kisemwacho kwa Kichina ni tā, awe mume au mke. Kikorea mara nyingi hakitaji mtenda kabisa. Kituruki kina kiwakilishi kimoja. Kiswahili nacho kinasema yeye, amekuja, ameondoka, bila kufichua chochote. Waandishi wa Asia huipenda sana hadithi ya msichana anayejifanya mvulana ili asome au apate kazi. Coffee Prince ya mwaka 2007 imejengwa juu ya hilo, na Sungkyunkwan Scandal ya 2010 pia. Manukuu ya Kiingereza hulazimika kuchagua kila sentensi, na kila chaguo ama linadanganya au linatoboa siri. Kwa Kiswahili siri inaweza kutunzwa hadi mwandishi mwenyewe atakapotaka kuifungua, mradi msimulizi asiseme huyu dada kwa mazoea.

Kwenye benchi la Dongobesh tatizo linarudi. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, haina undugu na Kibantu, na hutenganisha mume na mke katika nomino na hata katika umbo la kitenzi. Kijana anayemnong'oneza bibi yake hawezi kusema amekuja tu, kama Kiswahili kilivyomruhusu. Inambidi aamue, katikati ya filamu, kama aliyeingia chumbani ni mvulana anayejulikana na wote waliomo humo, au ni msichana ambaye wao wawili tu ndio wamemtambua.