KIBALI CHA MATIBABU: MZEE ASIKAWIZWE MLANGONI

Kila askari aliyepata kushika zamu ya usiku anaijua sheria ya lindo. Mtu akikaribia husimamishwa, huulizwa jina lake na neno la siri. Akitambuliwa hupita, asipotambuliwa huzuiwa na mkuu wa zamu huarifiwa. Sheria hiyo ni ya lazima, wala hakuna mwenye akili timamu atakayesema kambi iachwe wazi. Lakini mafunzo hayo hayo hutufundisha jambo la pili, ambalo ni rahisi kusahauliwa: mlinzi hana ruhusa ya kumsimamisha mtu gizani kisha akanyamaza. Hana budi kutoa jibu, tena alitoe upesi.

Nimeanza na habari ya lindo kwa sababu jambo ninalokusudia kulieleza leo, yaani kibali cha bima kabla ya matibabu, ni lindo la namna yake. Daktari humwandikia mgonjwa dawa ya bei kubwa, au kipimo cha mashine ya kuchungulia ndani ya mwili, au upasuaji wa nyonga. Hata hivyo mgonjwa haanzi kutibiwa siku hiyo. Kwanza karatasi hupelekwa kwa daktari mshauri wa bima, ambaye huichunguza na kuamua kama fedha za bima zitalipia au hazitalipia. Wakati karatasi ikisafiri, mgonjwa hungoja. Kijana mwenye nguvu aweza kungoja. Mzee wa miaka 70 ambaye figo zake zimechoka, au ambaye goti lake halikunjuki, huhesabu siku hizo kwa namna nyingine.

SAJINI MSTAAFU NA KARATASI YAKE

Mwaka juzi nilimsindikiza baba yangu mdogo, sajini mstaafu, katika hospitali moja ya mji huu. Daktari alikuwa amempima goti akaagiza lipigwe picha ya mashine kubwa. Dirishani tuliambiwa kwamba kipimo hicho kinahitaji kibali, basi turudi baada ya siku tatu. Tulirudi, kibali hakijafika. Tukarudi tena wiki iliyofuata. Jibu likawa lile lile. Hakuna aliyesema kwamba ombi limekataliwa, wala hakuna aliyesema kwamba limekubaliwa. Safari ya tatu ndipo mtumishi mmoja mwenye huruma alipoifungua faili akagundua kwamba nafasi moja ya fomu haikujazwa, na kwa sababu hiyo karatasi ilikuwa imelala mezani tangu siku ya kwanza.

Mzee hakukasirika, kwa maana amezoea kungoja amri. Alisema neno moja tu tulipokuwa tukishuka ngazi, yeye akiegemea mkongojo: "Mwanangu, kama ni hapana, waniambie hapana. Nitajua pa kwenda." Neno hilo limenikaa moyoni, kwa sababu ndilo kiini cha jambo lote hili. Kukataliwa ni jibu, na mwenye kukataliwa aweza kukata rufaa au kutafuta njia nyingine. Kunyamaziwa si jibu.

LINDO HILI LIMEWEKWA KWA NINI?

Haki inatutaka kwanza tuusikie upande wa bima. Mfuko wa bima ni fedha za watu wote. Mwalimu, mkulima, muuguzi na askari hutoa kila mmoja fungu lake, ili yule atakayepatwa na ugonjwa asiangamie peke yake. Penye fedha za wengi hapakosekani wenye tamaa. Yuko atakayeandika kipimo kisichohitajika ili mashine yake ipate kazi. Yuko atakayeandika dawa ya bei ya juu huku ya bei nafuu inatibu vivyo hivyo. Yuko hata atakayetumia kadi isiyo yake. Kibali kiliwekwa kuwazuia hao. Mfuko usiolindwa hufilisika, na ukifilisika mzee wa kwanza kuumia ni yule asiye na akiba.

Hapa Rwanda bima ya afya si jambo la hiari. Sheria Namba 48/2015 ya tarehe 23 Novemba 2015 inamtaka kila mkazi awe nayo. Watumishi wa Serikali walianzishiwa RAMA mwaka 2001, kwa mchango wa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nusu ikitolewa na mwajiri na nusu na mtumishi; baadaye, kwa sheria ya Desemba 2010, RAMA ikaunganishwa na mfuko wa pensheni kuwa RSSB. Wanajeshi walipata bima yao, MMI, kwa sheria ya mwaka 2005. Wananchi waliobaki, nao ndio wengi, wamo katika mituweli, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999 kule Byumba, Kabgayi na Kabutare, na ambayo usimamizi wake ulikabidhiwa RSSB mwaka 2015.

Katika mituweli lindo la kwanza ni karatasi ya rufaa. Mgonjwa huanzia kituo cha afya, ambako hulipa faranga 200. Akizidiwa hupelekwa hospitali ya wilaya, na kutoka huko hospitali kubwa kama CHUK, Butare, Kanombe au King Faisal. Anayeruka ngazi bila karatasi hujilipia mwenyewe, isipokuwa hali iwe ya dharura. Utaratibu huu una maana yake: kama kila mwenye mafua angekwenda Kanombe, daktari bingwa asingepata saa ya kumpasua aliyepigwa risasi. Juu ya hayo, bima nyingi, si hapa tu bali Afrika Mashariki nzima, huweka lindo la pili: idhini ya daktari mshauri kwa dawa na huduma za gharama kubwa.

Ikumbukwe pia kwamba wazee wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Mnyarwanda alitazamiwa kuishi miaka 64.5, ile ya mwaka 2022 ikaonyesha miaka 69.6. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini miaka iliyoongezeka huja pamoja na shinikizo la damu, kisukari, saratani na mifupa iliyolika, maradhi ambayo hayatibiwi kwa kidonge cha siku tatu. Ndiyo maana ilikuwa habari njema Januari 2025, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha kupanuliwa kwa huduma za mituweli ili zifikie matibabu ya saratani, upandikizaji wa figo, na ubadilishaji wa viungo vya nyonga na goti. Huduma hizo ni ghali, na penye gharama kubwa ndipo ulinzi unapozidi. Basi swali la kibali litazidi kukua kadiri bima inavyozidi kuwa na ukarimu.

WALIYOYAONA WAMAREKANI

Yafaa tutazame nchi ambayo imelivalia jambo hili njuga kwa miaka kadhaa. Marekani ina bima ya wazee iitwayo Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, kwa ajili ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya wanaostahili bima hiyo wamejiunga na tawi lake linaloendeshwa na makampuni binafsi kwa fedha za Serikali, liitwalo Medicare Advantage. Katika tawi hilo, kibali cha awali hudaiwa kwa huduma nyingi za gharama.

Mwezi Aprili 2022, mkaguzi mkuu wa wizara yao ya afya alitoa taarifa baada ya kuchunguza maombi yaliyokataliwa. Aligundua kwamba katika kila maombi 100 yaliyokataliwa, 13 yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare. Yaani mzee alinyimwa alichostahili. Taasisi ya utafiti ya KFF nayo ilihesabu kwamba mwaka 2023 makampuni hayo yalipokea maombi karibu milioni 50, na yakakataa milioni 3.2, yote au sehemu yake. Sasa sikiliza jambo la ajabu, ndugu msomaji. Katika yale yaliyokataliwa, ni asilimia 11.7 tu yaliyokatiwa rufaa. Na katika hizo rufaa, asilimia 81.7 zilishinda, uamuzi ukatenguliwa kwa ukamilifu au kwa sehemu.

Maana yake ni nini? Ni kwamba karibu wazee tisa katika kumi waliokataliwa walikunja karatasi zao wakaenda nyumbani, na hali wale wachache waliosimama wakadai, wanane katika kumi walipata. Hatuwezi kusema kwamba wote walionyamaza wangeshinda. Lakini ni dhahiri kwamba wengi wao walishindwa vita ambavyo hawakuviingia.

Kwa sababu hiyo Wabunge wa vyama vyote viwili, miongoni mwao Suzan DelBene wa Democratic na Mike Kelly wa Republican, walipeleka mswada wa kutaka wazee wapate matibabu kwa wakati. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Septemba 2022, lakini Seneti haikuupitisha; hoja kubwa iliyoukwamisha ilikuwa gharama, kwa kuwa wakadiriaji wa Bunge walisema ungegharimu dola bilioni 16 katika miaka kumi. Uliwasilishwa tena mwaka 2024, na tena mwaka 2025. Wakati Bunge likijadili, Serikali yenyewe ilitoa kanuni tarehe 17 Januari 2024: tangu mwaka 2026, ombi la haraka lijibiwe ndani ya saa 72, ombi la kawaida ndani ya siku 7 badala ya 14 za zamani, na anayekataliwa aelezwe sababu bayana ya kukataliwa.

Tazama walichokifanya. Hawakuliondoa lindo. Wamempa mlinzi saa, na wamemwamuru aseme.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Kutokana na hayo, yako mambo matatu ambayo mfumo wowote wa bima, uwe wa Kigali, Nairobi au Dodoma, ungefaa kuyashika. La kwanza ni muda. Ombi lisilo na siku ya mwisho ya kujibiwa ni sawa na doria isiyo na saa ya kurudi. Hakuna ajuaye lini aanze kutafuta. La pili ni sababu. Neno "imekataliwa" peke yake halimsaidii mgonjwa wala daktari. Iandikwe ni sharti gani halikutimizwa, ili litimizwe. La tatu ni mtu mwenye kuwajibika. Katika jeshi kila zamu ina mkuu wake na jina lake limo kitabuni. Vivyo hivyo karatasi ya mzee iwe na mkono wa mtu anayeweza kuulizwa, "Imefika wapi?"

Jirani zetu nao wamo katika mabadiliko. Kenya iliufunga mfuko wake wa NHIF uliokuwapo tangu mwaka 1966, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 bima yake inaendeshwa na mamlaka mpya chini ya sheria ya mwaka 2023. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka huo huo wa 2023. Sheria zinapokuwa mbichi ndipo kanuni za kibali huandikwa, na ndipo sauti ya mzee inapopasa kusikika.

WAJIBU WETU SISI WENYEWE

Tusingoje sheria peke yake. Askari aliye kazini leo ndiye mzee wa kesho. Agosti 2023 walistaafu kwa siku moja majenerali 12 na maafisa wengi pamoja na askari wa vyeo mbalimbali. Wakati ukifika, haumbagui mwenye nyota na mwenye tepe. Basi kabla ya kuvua sare, kila mmoja wetu aulize bima yake itakuwaje, yeye na mkewe au mumewe, na apate jibu kwa maandishi.

Kwa wale wanaowahudumia wazazi wao, haya ni ya kuzingatia. Fomu isomwe yote kabla haijaondoka mkononi mwa daktari, maana nafasi moja tupu yaweza kugharimu wiki mbili. Hali ikiwa ya hatari, daktari aombwe aandike wazi kwamba ni ya haraka. Nakala ya kila karatasi ihifadhiwe, pamoja na tarehe ilipopelekwa na jina la aliyeipokea. Ombi likikataliwa, sababu iulizwe kwa heshima lakini iulizwe, na rufaa ipelekwe. Mzee asiachwe asimame dirishani peke yake. Kijana aliyejifunza kusoma ramani hawezi kushindwa kusoma fomu.

Zamani, kabla ya magari kufika milimani kwetu, mgonjwa alibebwa kwa ngobyi. Majirani walikuwa na chama chao: kila nyumba ilitoa mtu, zamu zilijulikana, na aliyekwepa zamu yake alitozwa. Yalikuwa na sheria zake hayo. Lakini sheria zilipangwa siku ambayo hakuna aliyeugua, ili siku ya ugonjwa mabega yawe tayari. Hakuna aliyemlaza mgonjwa njiani ili kwanza daftari likaguliwe. Bima ya leo ni mrithi wa ngobyi ile. Ikague, ihesabu, imzuie mwizi. Lakini mzee akishainuliwa, asiwekwe chini kabla ya kufika.